Sabuni Iliyokwenda Matembezi

Kuna wanawake wanaoijua harufu ya mpenzi wao kabla hawajalijua jina lake. Mimi nilikuwa na wangu miaka mitatu bila kumsikia hata chembe.

Usinicheke. Ukifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni, pua yako hustaafu kabla yako. Wiki ya kwanza unalewa: asubuhi limau, mchana waridi, jioni ukipanda basi abiria wanakugeukia kama bibi harusi aliyepotea njia. Halafu unazoea. Halafu husikii kitu. Wapakiaji wetu, akina mama wanaofunga sabuni kwenye katoni kutwa nzima, walinipa salamu hiyo siku yangu ya kwanza: "Karibu, mwanangu. Pua ya hapa ni pambo la uso tu."

Basi mwishoni mwa mwaka nikapata homa ya mapafu. Nikalala kwa mama yangu, kitanda changu kati ya dirisha na cherehani yake, nikisikiliza sindano ikikimbia juu ya vitambaa vya watu. Mapafu yalipopona, na pua ikapona nayo. Hakuna aliyeniambia. Niligundua mwenyewe siku niliyorudi kazini, nilipokatiza kwenye ukumbi wa kuchemshia, na mvuke ukiwa umetanda mweupe kutoka sakafuni hadi darini, na jua la asubuhi likipenya ndani yake kama kijiko ndani ya maziwa.

"Risiti!"

Ndivyo wanavyoniita kiwandani. Mimi ndiye mhasibu wa mauzo, na mikononi mwangu hata peremende haipiti bila risiti. Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Mvuke ukapasuka, akatokea yeye, mikono ya shati imekunjwa, nywele zimelowa, anacheka kwa meno yote. Mpishi wangu. Mpishi wa sabuni, si wa jikoni. Jikoni hawezi hata kuchemsha yai.

Akanikumbatia. Nikaganda.

"Nini?" akauliza. "Bado kifua kinauma?"

"Unanukia."

"Samahani, nimeanza kazi tangu alfajiri, sijapata hata..."

"Nyamaza. Usisogee."

Nikafumba macho, nikaweka uso shingoni pake. Ilikuwa harufu tamu, nzito, yenye usingizi ndani yake, kama bustani iliyofungwa milango ikisubiri mtu mmoja tu. Miaka mitatu! Miaka mitatu nilikuwa nikikumbatia mtu huyu na kudhani nimeshamjua wote. Nilijiona kama mtu aliyekaa nyumbani kwake siku zote, leo ndiyo anafungua chumba cha nyuma na kukuta kina dirisha la bahari.

"Ni maua ya mlangilangi," akaninong'oneza. "Sabuni yangu mpya. Niliipika wewe ukiwa mgonjwa. Nilijisemea, akirudi atakuta jambo."

"Yako wewe?"

"Mapishi yangu mwenyewe, mwanzo mwisho. Na sikia, Risiti, sikia hili." Akanishika mabega, macho yakimeta kama ya mtoto aliyepasi mtihani. "Imekwisha! Kaka anasema ilinunuliwa yote kabla ya kufunga mwaka. Mteja mmoja alichukua shehena nzima. Umewahi kuona sabuni mpya ikinyakuliwa vile?"

Kaka ndiye Kaka Mkubwa, ndugu yake wa tumbo moja. Wazazi wao walifariki Mpishi akiwa bado anavaa kaptura, na Kaka akaacha chuo, akauza baiskeli, akamlea mdogo wake kwa mkono wake mwenyewe. Sasa Kaka ni mkuu wa fedha wa kiwanda. Kwa maneno mengine, bosi wangu ndiye aliyekuwa karibu kuwa shemeji yangu. Watu huomba kuolewa mbali na kazini. Mimi nilikwenda kujifunga kamba kabisa.

"Jumapili ametualika kwake," Mpishi akasema. "Anataka kupanga siku ya kwenda kumwona mama yako."

"Kumwona kufanya nini?"

"Kumshonesha suruali!" Akacheka, akanibana pua. "Kukuomba, wewe mwanamke. Au na hilo unataka risiti?"

Nikatoka mle ukumbini sijui kama nakanyaga chini. Na pua yangu, maskini, imeamka kutoka kifungoni, ikawa inanusa kila kitu kwa pupa: sakafu, mafuta, mvua iliyokuwa inajikusanya, kahawa ya jirani.

Ndiyo iliyoniponza.

*

Kiwandani kwetu, hesabu za mwaka zikiwa hazijakamilika, mhasibu mmoja husimama getini na mlinzi. Kila lori linalotoka au kuingia lazima alione na kusema limebeba nini. Zamu ile ilikuwa yangu. Mchana malori yakaanza kuingia, moja nyuma ya jingine, yamefungwa milango. Mlinzi wetu, ambaye wote tunamwita Afande ingawa hajawahi kushika silaha kubwa kuliko filimbi, akayapungia yapite.

"Tupu hayo," akasema. "Amri ya mkuu wa fedha, tusipoteze muda kuyafungua. Yanarudi kutoka kwa mteja."

La kwanza likanipita, na bustani ikanipita nalo.

Lori la sabuni likiwa tupu hunukia, sikatai. Lakini hunukia kama kikombe kilichosuuzwa. Lile lilinukia kama kikombe kilichojaa hadi ukingoni. Harufu ilitoka kwenye nyufa za mlango, tamu, nzito, yenye usingizi ndani yake. Niliijua. Nilikuwa nimeuzika uso wangu ndani yake asubuhi ile ile.

"Afande, husikii?"

"Nasikia mvua tu, bibie."

"Fungua."

"Mkuu amesema..."

"Nimekusikia. Nami ndiye ninayesimama getini. Fungua, Afande wangu, nitakusemea."

Akafungua. Katoni zilikuwa zimepangwa hadi darini, zimebanana kama wageni kwenye picha ya harusi. Dereva akashuka, akajinyoosha mgongo, akaanza kucheka peke yake.

"Mmetoka kwa mteja gani?" nikamuuliza.

"Mteja? Dada, tumeegesha kule kiwanja cha mlimani tangu siku ile wakaguzi walipokuja kuhesabu mali. Tumecheza karata mpaka tumechukiana. Tuliambiwa tushuke leo, Jumapili watu wasipokuwepo ndiyo zirudishwe ghalani."

Nikasimama pale, mvua ikaanza kunidondokea, nami nikaona mambo yote kwa pamoja. Wakaguzi wa hesabu walikuja, wakakuta ghala lina nafasi, wakaambiwa sabuni imeuzwa. Kwenye vitabu ilikuwa imeuzwa kweli: mteja ana jina, faida imeandikwa, mwaka umefungwa kwa shangwe. Kilichokosekana ni mtu wa kununua. Sabuni ilikwenda matembezi, ikapunga upepo mlimani, ikarudi nyumbani.

Walioitembeza walipanga kila kitu vizuri, wakasahau jambo moja tu: kwamba mtu anaweza kurudi kiwandani akiwa na pua. Kwa sababu kati yao hakuna aliyekuwa nayo.

Ningeweza kuyamezea hayo. Lakini wiki ile wapakiaji walikuwa wameitwa mkutanoni, wakaambiwa kampuni imepata faida nono, wabadilishe akiba zao za kikundi ziwe hisa. Mama anayefunga katoni kwa utepe, yule aliyenikaribisha siku ya kwanza, alikuwa amekwisha kunitania: "Mwakani tutakuwa wenye kiwanda, wewe ndiye utatuamkia sisi!"

Na chini ya yote hayo, pale chini kabisa mahali ambapo mhasibu hatakiwi kuwa na kitu, lilikuwapo jambo lililoniuma zaidi. Hakuna mtu hata mmoja aliyeinunua sabuni ya Mpishi.

*

Nyumba ya Kaka Mkubwa ilikuwa na mapazia marefu ya rangi ya maziwa, na upepo wa Jumapili ulikuwa ukiyavuta nje na kuyarudisha ndani, taratibu, kama nyumba inayopumua. Mke wake alinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu! Umekonda. Homa imekula nini, imekuacha macho tu?"

"Macho na pua, dada."

"Basi vinatosha. Mengine tutayarudisha kwa sahani."

Tulikula. Tulicheka. Mpishi alikaa mbele yangu, na kila nilipoinua macho nilimkuta ananitazama kana kwamba mtu angeninyakua kati ya mchuzi na chumvi. Mguu wake ukaugusa wangu chini ya meza. Nilikuwa na furaha na nilikuwa na hofu, na viwili hivyo vikikaa kifua kimoja havikuachii nafasi ya wali.

Baada ya chakula Mpishi akaingia jikoni kumsaidia shemeji yake vyombo. Kaka akaniashiria, tukatoka barazani. Akavuta kiti akanipa, akavuta kingine akakaa. Ni mtu mpole. Nataka ujue hivyo. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi.

"Nimeambiwa ulifungua lori," akasema.

"Ndiyo, Kaka."

"Kazini unaniita mkuu, hapa unaniita Kaka. Leo nataka kuongea na huyu wa hapa." Akatazama mapazia yakitoka na kurudi. "Benki ilikuwa inasubiri hesabu zetu. Zikionekana mbovu, mkopo hauongezwi, na mkopo usipoongezwa, kiwanda hakifiki katikati ya mwaka. Nimenunua muda tu, mwanangu. Sabuni itauzwa polepole, hesabu zitajirekebisha, hakuna atakayejua."

"Na akiba za akina mama?"

"Zitakuwa salama tukisalimika sote."

"Na tusiposalimika?"

Akageuzia uso mlangoni. Kutoka jikoni tukasikia sahani zikigongana na Mpishi akicheka; shemeji yake alikuwa anamwambia hata povu hajui kulipima, na yeye ndiye anayelipika.

"Unamsikia?" Kaka akasema kwa sauti ya chini. "Tangu nimwambie sabuni yake imenunuliwa anatembea kama mtu aliyeota mabawa. Huyo mtoto aliacha kusema siku baba na mama walipotutoka. Mwaka mzima hakusema. Mimi ndiye niliyemrudisha kwenye kucheka. Sitaki kuona akinyamaza tena."

Nikaukunja ukingo wa mtandio wangu.

"Kesho mkaguzi atakuita," akaendelea. "Atakuuliza malori yalirudi vipi. Sema yalirudi tupu. Hiyo tu. Na Jumamosi nakuja kwa mama yako na wazee wetu. Hata tai nimekwisha kununua. Mke wangu anasema inanifanya nionekane kama zawadi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu ilikuwa ya kuchekesha na kwa sababu nilimpenda.

"Na nikisema yalijaa?"

Akainuka. "Basi nitakuja kwa mama yako nikamwambie nini? Kwamba naomba binti aliyenitoa kazini?"

Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono akanirekebishia mtandio uliokuwa umeteleza begani, kama baba anavyofanya, akarudi ndani.

*

Mpishi alinisindikiza. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kuchezeana. Tukatembea chini ya mwavuli mmoja, taa za maduka zikiwa zimewashwa mapema, barabara imelowa na kubeba rangi zote za taa zile. Alikuwa ananisimulia jinsi atakavyoipika nyingine, safari hii ataongeza limau kidogo. "Yule mteja akirudi," akasema, "nataka akute kitu kipya."

Nikasimama.

"Hakuna mteja."

"Mteja gani?"

"Wako. Sabuni ilikwenda kuegeshwa mlimani, mpenzi wangu. Imerudi. Nimeiona yote, hadi darini. Kaka aliandika imeuzwa ili hesabu za mwaka zipendeze. Kesho anataka niwaambie wakaguzi kwamba malori yalirudi tupu."

Alinitazama. Tone moja la mvua lilikuwa linashuka kwenye ubavu wa mwavuli, likafika ukingoni, likasita, likaanguka.

"Yote?" akauliza. "Hata katoni moja haikununuliwa?"

"Hata moja."

"Hakuna mtu hata mmoja aliyenunua."

"Bado."

"Usinipambie, Risiti."

"Sikupambii. Haijapelekwa dukani hata kidogo, watu wangeinunuaje? Imefichwa tu. Mimi nimeisikia, mimi najua..."

"Wewe unanipenda! Pua yako si soko."

Akanikabidhi mwavuli, akatoka chini yake. Akasimama mvuani mbele ya duka la saa, na nyuma yake ukuta mzima wa saa ulikuwa ukionyesha kila moja wakati wake.

"Ungeweza kuniacha niamini," akasema.

"Ningeweza. Ningekuwa mkeo, tungekuwa wazee, nawe ungewasimulia wajukuu jinsi sabuni yako ya kwanza ilivyogombaniwa, nami nimekaa pembeni naitikia kwa kichwa. Kila mara. Ungetaka mke wa hivyo?"

"Leo ndiyo, ningetaka."

"Kesho?"

"Usiniulize kesho! Kesho ndiyo unakwenda kumzika kaka yangu." Sauti ikakatika. "Aliacha masomo kwa ajili yangu. Aliuza baiskeli yake. Unajua alikuwa anatembea kutoka wapi mpaka wapi? Nikimwona anashushwa ngazi za kiwanda, na nikijua ni mdomo gani uliomshusha, nitaubusu vipi mdomo huo?"

Nina ulimi mwepesi, kila mtu atakuambia, lakini siku ile uliniacha barabarani kama basi.

"Nyamaza tu," akasema, akisogea, maji yakimtiririka usoni. "Sikuombi udanganye. Ugua tena. Kohoa. Baki kwa mama yako. Wataulizana wenyewe."

"Na mama wa utepe akitoa akiba yake?"

Akafumba macho.

"Mimi sikuwauliza wapakiaji," akasema taratibu. "Nakuuliza wewe. Mimi au hilo neno?"

"Usinipangie mizani ya namna hiyo."

"Wewe ndiye mtu wa mizani."

Nikamnyooshea mwavuli. Hakuuchukua. Akageuka akaenda, mabega juu, shati limegandamana mgongoni, nami nikabaki pale natazama mtu wangu akiyeyuka kwenye mvua na taa mpaka sikujua tena ni yupi.

Nyumbani mama alikuwa amekaa cherehanini, anashona gauni la buluu. La kwangu, la siku ya wageni. Nikamweleza yote. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Kwa hiyo kesho ni lazima?"

"Wewe si ndiye uliyenilea niseme kweli, mama?"

"Nilikulea useme kweli, sikukulea uiseme wiki ya posa!" Akavuta uzi kwa hasira hadi ukakatika. "Wote wanafumba macho. Kila nyumba. Wewe tu ndiye Mungu kakupa kope zisizofumba? Nimekwisha kuwaambia majirani. Nimekwisha kuazima viti."

"Viti vitarudishwa."

"Na wewe, utarudishwa wapi?"

Kisha akaanza kulia, nami nikaanza kulia, tukalia kila mtu na upande wake wa gauni la buluu. Alipomaliza alipenga kamasi, akaingiza uzi upya kwenye sindano, akaendelea kushona. Hakusema nisiende.

*

Mkaguzi alikuwa msichana wa umri wangu, amevua kiatu kimoja chini ya meza kwa sababu kilikuwa kinambana. Dirisha la chumba alichopewa linatazama vichanja vya kukaushia, na miche ya sabuni ilikuwa imelala huko safu kwa safu, myeupe, kimya, kama watoto wa bweni.

"Swali dogo tu," akasema. "Malori yale yalirudi vipi?"

Nilitaka niwe nimelala kwa mama, na homa yangu, na sindano ikikimbia.

"Yalijaa," nikasema.

Kalamu yake ikasimama. Akavaa kiatu.

"Dada yangu, nikishaliandika hilo, siwezi kulifuta hata ukirudi unalia."

"Naelewa."

"Na watajua ni nani."

"Andika jina kamili. La kwenye cheti. Lile la utani ni la mtu mwingine."

Nikamweleza, na kila neno lilinitoka kama mtu anayehama nyumba aliyoipenda, anatoa kiti, anatoa kabati, anatoa kitanda. Nilipomaliza nilikuwa mtupu kabisa. Kumbe kulikuwa na kitu tupu kiwandani siku ile.

Kaka alishuka ngazi mchana huo huo. Aliambiwa akae nyumbani hadi uchunguzi uishe. Alipita mbele ya meza yangu na sanduku lake mkononi, akasimama.

"Ulifunga hesabu zako vizuri," akasema. Hakuwa ananidhihaki. Hilo ndilo lililoniliza chooni hadi mfagiaji akagonga mlango.

Benki haikufunga kiwanda. Ilikibana, ikakipangia mwangalizi, ikapunguza vyeo vya wakubwa. Akiba za akina mama zikabaki akiba. Wengine walinishukuru kwa macho. Wengine, walioahidiwa kuwa wenye kampuni, walinigeuzia migongo mipana. Mimi nilihamishiwa stoo ya vifaa vya usafi. Mhasibu wa mauzo sasa anahesabu mifagio! Nikiwa peke yangu niliichukulia kama wageni, nikiwasalimia asubuhi: hamjambo nyote, mmeamkaje, nani kaanguka usiku?

Sabuni ya mlangilangi ilipelekwa madukani, ikawa inatoka kidogo kidogo, kama wageni wasiotaka kuaga. Mpishi alichukua likizo. Hakupiga simu. Nami nilikuwa nikitembea jioni, nikiona mwanamume yeyote ameloa mvua, moyo unaruka kabla ya akili kuuambia ukae.

*

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mlango, napasua mshono wa suruali ya mteja wa mama. Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo hata kuku hunyamaza. Kivuli kikaniangukia mapajani.

Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua pasi. Mikono mitupu. Nyuma yake hakuna mtu.

"Shikamoo, Mama," akasema, sauti ikipita juu ya kichwa changu.

Mama alitokeza mlangoni na utepe wa kupimia shingoni. Akamtazama yeye, akatazama nyuma yake, akatazama barabara hadi mwisho.

"Marahaba. Wenzako wamekwama wapi?"

"Sikuja na mtu."

"Kaka yako?"

"Hasemi nami, Mama. Nilimwambia nakuja huku. Akanifungulia mlango nitoke, akaufunga."

"Na shemeji yako?"

"Amenipigia pasi shati." Akajitazama. "Amejitahidi huku analia."

"Kwa hiyo nani atasema kwa niaba yako?"

"Mimi."

"Unaweza?"

"Hapana, Mama. Lakini hakuna mwingine."

Mama akaguna mguno mrefu, akarudi ndani. Cherehani haikulia. Ikawa wazi kabisa kwamba amesimama nyuma ya pazia, sikio limetoka.

Mpishi akabaki amesimama mbele yangu. Alikuwa amekonda. Nilitaka kumgusa kiasi kwamba nilishika suruali ya watu kwa mikono yote miwili.

"Sijakusamehe," akasema.

"Sijaomba."

"Najua. Ungeomba ingekuwa nyepesi, ningekusamehe tukamaliza." Akahema. "Kila siku nakukasirikia. Naamka na hasira, nalala nayo. Nikimwona Kaka amekaa barazani na tai yake haina pa kwenda, nakukasirikia upya. Halafu nikitafuta wa kumwambia jinsi nilivyokasirika, nakuta mtu ninayemtaka kumwambia ni wewe."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kukasirika karibu nawe. Nimejaribu nikiwa mbali, sioni raha."

Kicheko kikanitoka puani kabla sijakizuia. Naye mdomo ukamcheza, akaubana.

"Usicheke. Niko makini."

"Naona. Na itachukua muda gani, hasira yako?"

"Sijui. Inaweza kuwa ndefu." Akainama, akanitazama sawasawa kwa mara ya kwanza tangu ile mvua, na macho yake yalikuwa yamechoka na yalikuwa yangu. "Unaweza kuolewa na mtu ambaye bado hajamaliza kukasirika?"

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya mama ikapasua mchana:

"Baba yake alinikasirikia miaka thelathini, na tulikula sahani moja kila siku! Muulize mengine!"

Mpishi akafumba macho. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua.

Niliweka suruali pembeni. Nikasogea kwenye benchi. Si sana, kiasi tu cha mtu mmoja aliyekasirika kukaa.

Akakaa.